Mshika Ufunguo wa Nyumba ya Mizani

"Huko ndani kukoje leo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kila nikitoka na fagio mkononi. Mwanzoni nilidhani ananikagua, nikawa namjibu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa: nimefagia vyumba, nimepangusa madirisha, nimemwaga maji uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akarudia polepole, kama mtu anayesema na kiziwi. "Sijakuuliza kazi, mwanangu. Nimekuuliza huko ndani kukoje."

Basi nikajifunza kujibu. Leo jua limepita dirisha la uani, limefika mpaka miguuni pa mizani. Leo kuna ndege ameanza kujenga juu ya boriti. Leo panatoa harufu ya ngozi, sijui ni kwa sababu ya mvua ya jana. Hapo ndipo alipofumba macho na kuitikia kwa kichwa, "yego, yego," ndiyo, ndiyo, akishusha pumzi kama mtu aliyepewa chai ya maziwa asubuhi ya baridi.

Jina lake nalijua, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Muzehe wa Ufunguo, na ukiwa na haraka, Muzehe tu.

Nyumba ya Mizani iko Biryogo, hapa Kigali, kwenye mtaa unaoshuka, katikati ya mafundi cherehani na wauza chapati. Ukitazama juu unaona majengo ya vioo ya mjini, na ukitazama mbele yako unaona baraza refu la saruji, nguzo zilizopakwa chokaa, na mlango wa mbao wa mabawa mawili. Zamani, kabla ya hivyo vioo, wafanyabiashara walileta hapa ngozi na kahawa, wakaondoka na chumvi na vitambaa. Uani bado inaning'inia mizani yenyewe: boriti ya chuma, sahani mbili za mbao, na minyororo minene kama mkono wa mtoto. Wageni huja kuiona. Huja watoto wa shule wakiwa wameshikana mikono, huja Wazungu wenye kofia, huja na Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania ambao wanataka kujua mji huu ulianzia wapi.

Mimi nilikuja kufagia. Shule niliiacha katikati, mambo ya nyumbani, lakini nina ndoto yangu ambayo sijaiacha. Nataka siku moja niwe mwongozaji wa wageni, mwenye kitambulisho shingoni na mwavuli wa rangi ninaounyanyua juu ili watu wasinipotee. Familia ya mwenye nyumba, ambayo siku hizi iko Tabora, iliomba mtu wa usafi, nami nikawa nashuka kila asubuhi kwa miguu kutoka kwetu Nyakabanda, nikijifanya naenda kuongoza msafara.

Muzehe alinitangulia siku zote. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote hata jua la Julai likiwaka. Ufunguo ulikuwa ndani ya koti, umefungwa kwa kipande cha kitenge cha njano. Kufungua mlango kwake ilikuwa ibada. Aliutoa ufunguo, akaupangusa kwa kile kitenge, akauzungusha, akausukuma mlango kwa ncha za vidole viwili, kisha akapiga hatua moja pembeni. "Bismillah, piteni."

Sisi tulipita. Yeye alirudi kigodani.

Alipenda kuzungumza na wageni, tena alizungumza vizuri, ila ukweli wake ulibadilika na hali ya hewa. Asubuhi moja aliwaambia watu kwamba mizani ile ilibebwa mabegani kutoka Tabora, milima na mabonde, wapagazi wakiimba. Mchana wa siku ileile wengine wakaambiwa ilikuja kwa lori kutoka Bujumbura na dereva alikuwa na jino la dhahabu. Walipoondoka nikamuuliza ipi ni ipi.

"Wale wa mchana walikuwa wamechoka kutembea," akasema. "Nikawahurumia, nikawapa lori."

Na jino la dhahabu?

"Kulikuwa na mtoto anasinzia."

Lakini kuna kitu kimoja hakukibadilisha hata siku moja, nacho ni sauti ya mizani. Aliiga kwa mdomo, kichwa amekiinamisha upande: minyororo ikivutwa, krr, krr, krr, halafu kimya, halafu mlio mmoja mwembamba wa chuma. Alisema biashara yote ilikuwa ndani ya kile kimya. Mwenye ngozi amenyamaza, mnunuzi amenyamaza, kila mmoja anamtazama mwenzake. Ule mlio wa mwisho ulimaanisha wamekubaliana. Nilimsikia akiisimulia sauti hiyo hadi nikawa naiota, na nilipokuwa peke yangu uani nilijaribu kuvuta mnyororo, lakini ulikuwa umeshika kutu na mikono yangu ni ya fagio.

Alikuwa na misemo yake. "Baraza ni la wote, ndani ni kwa wenyewe." Huo aliwaambia vijana waliokuja kukaa na simu zao, maana alipenda wakae. "Mlango hauna haraka," kwa wageni waliochelewa. Na mmoja ambao niliusikia mara nyingi bila kuuelewa: "Karibu hutoka ndani kuja nje, kama moshi wa jikoni."

Ungedhani mtu mwenye misemo ya namna hiyo ni mpole wa milango. Wapi. Kwetu Nyakabanda alikuja siku za Jumapili, mama akiwa amerudi kanisani, na hodi yake aliitamka akiwa ameshafika katikati ya sebule. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria ya isombe, kisamvu chetu, akanusa, akafunika.

"Muzehe," mama alimwambia, "hodi yako inakuja nyuma yako kama mbuzi."

"Mbuzi mzuri humfuata mwenyewe," akajibu, akavuta kiti.

Kwa fundi cherehani jirani alikuwa hivyohivyo, akapita nyuma ya meza na kushika vitambaa vya watu. Barabara aliivuka popote miguu ilipomwelekeza, na madereva wa moto, pikipiki za abiria, walimpigia honi kwa heshima, kama wanamsalimia, naye akawanyanyulia mkono kama anawaruhusu wapite. Hakuna mpaka aliouogopa mji mzima, kasoro mmoja, nao alikuwa ameukalia kutwa.

Sikuuona mapema. Mtu akikaa nje kila siku unadhani anapenda upepo. Kilichonishtua kwanza ni mvua ya siku ya umuganda. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wote tuko nje na majembe tukizibua mitaro, na mvua ikaja kutoka upande wa Mlima Kigali bila hata kubisha. Tukakimbilia ndani ya Nyumba ya Mizani, watu, majembe na matope. Mvua ilikuwa ya upande, inalipiga baraza kama mtu anayemwaga ndoo. Tulipogeuka tukamwona Muzehe amesimama palepale kando ya mlango wazi, maji yanamchuruzika puani.

Mkuu wa mtaa akamwita. Muzehe, ingia, utaugua.

"Mimi niko sawa. Nyinyi kaeni vizuri, msiguse mizani."

Watu wakacheka, wakasema uzee huo. Mimi nilimtazama miguu. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimefika kwenye kizingiti, zimekigusa kabisa, wala hazikuvuka hata upana wa ukucha.

Ya pili ilikuwa ya benchi. Chumba cha mbele kulikuwa na benchi refu upande wa kushoto, mahali walipokaa wenye ngozi kungoja zamu yao. Baada ya mvua ile bati likaanza kuvuja hapohapo, nikalisukuma benchi upande wa kulia, nikaenda zangu nyumbani. Wiki iliyofuata wakaja watoto wa shule. Muzehe akawapanga barazani, akawaeleza kama kawaida: mkiingia, mkono wa kushoto mtaona benchi. Wakaingia. Wakatoka. Msichana mmoja mdogo, mwenye soksi moja imeshuka, akasimama mbele yake.

"Muzehe, umetudanganya. Benchi iko kulia."

Akanigeukia. "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu ile mvua, kwamba panavuja.

"Ungeniambia," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu ambaye jamaa yake amehama na hakupewa habari.

Watoto walipoondoka nikakaa chini kando ya kigoda chake. Nikafikiria yale maswali ya kila siku, jua limefika wapi, ndege amejenga wapi. Nikafikiria yule mama aliyefagia kabla yangu, ambaye aliniambia siku ya kwanza, "Huyo muzehe anauliza sana, mvumilie." Nikamuuliza, "Muzehe, kwani wewe hujawahi kuingia humu?"

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akatikisa majani chini ya kikombe. Kisha akanieleza, bila huzuni, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni.

Ujanani kazi yake ilikuwa kukaa na mizigo ya wageni hapo barazani. Ngozi zilipitishwa mlango wa nyuma na wapagazi, wakubwa waliitwa ndani, naye alibaki nje asikilize mizani ikilia. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa mila za pwani. Nyumba yake ilikuwa na wake na mabinti ndani, na mwanaume hakupita mlango ule mpaka aambiwe karibu na mtu aliye ndani. Siku moja mwenye nyumba alifunga safari. Akampa ufunguo, akamwambia, shika, mimi narudi. Hakurudi. Habari zikaja kwamba amezikwa Tabora, familia ikamfuata huko kidogo kidogo, nyumba ikabaki.

"Niliambiwa nishike ufunguo," akasema. "Sikuambiwa niingie."

Nilimwuliza kama katika miaka yote hiyo hakutamani hata kuchungulia.

"Natamani mizani," akasema. "Nimeisikia ujana wangu wote. Uso wake siujui. Naujua kwa mdomo wako na kwa mdomo wa yule mama kabla yako."

Mimi nina moyo mwepesi, naomba msinicheke. Niliinuka palepale nikasimama ndani ya mlango, nikamnyooshea mikono yote miwili. "Basi mimi nakukaribisha. Karibu ndani, Muzehe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mshika fagio, mimi mshika ufunguo. Watumishi wanakaribishana nyumba ya watu?"

Kuanzia siku hiyo nilifagia kwa namna nyingine. Nilitazama vitu ili niende kumwambia. Nilihesabu hata nyufa. Nilimwelezea uani jinsi palivyo papana, jinsi mizani ilivyo juu kama mlango wa msikiti, jinsi kuta zinavyorudisha sauti. Labda nilizidisha, yeye mwenyewe alinifundisha kuwapa watu lori wakichoka. Usiku kabla ya kulala nilikuwa nikitafuta neno zuri zaidi la kumpelekea.

Kisha nikapigiwa simu kutoka Tabora. Familia imeamua kuuza. Mnunuzi yuko tayari, na mjukuu wa mwenye nyumba atakuja mwenyewe wiki ijayo kuchukua ufunguo. Muzehe aliniomba nirudie maneno ya simu, nikarudia. Akaingiza mkono ndani ya koti, akaugusa ule ufunguo, akautoa mkono.

"Vizuri," akasema. "Amana ikirudi kwa wenyewe ni vizuri."

Mimi sikuona uzuri wowote. Niliona kwamba atautoa ufunguo, atabeba kigoda chake ateremke kwake, mtaa wa Gitega, na mizani atakufa anaijua kwa sauti tu. Nikamwambia jambo ni rahisi, nitampigia huyo mjukuu nimweleze, akifika atamke neno moja tu, karibu, basi. Hilo ndilo lililomfanya anikazie macho. Hakuwahi kunikazia macho kabla.

"Usimwambie kitu. Karibu ya kuombwa si karibu, ni sadaka. Uniahidi."

Nikaahidi. Nilijuta palepale, lakini nilikuwa nimeahidi.

Mjukuu alifika asubuhi, kwa moto, amekumbatia mkoba kifuani. Nilitegemea mama mkubwa mwenye miwani ya jua, kumbe ni dada wa rika langu au kunizidi kidogo, amejitanda khanga juu ya suruali, na anaitazama nyumba kama mtu anayetazama picha ya ndugu asiyemjua. Muzehe alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoa ndevu. Mlango alikuwa ameufungua tayari, mabawa yote mawili, na ufunguo ulikuwa kwenye kiganja chake juu ya kitenge cha njano.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Amana yako hii, mama. Na nyumba yako hiyo, pita."

Dada yule aliutazama ufunguo, hakuuchukua. Akatazama ndani ya mlango, akatazama kigoda, akatazama sakafu ya baraza pale ambapo miguu ya kigoda ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye saruji.

"Babu, mimi hii nyumba nimeisikia kwenye simu tu. Bibi alisema kuna mtu wetu anakaa nayo." Akavua viatu, akavisogeza pembeni, akasimama mbele ya kizingiti amekunja mikono. "Mimi ndiye mgeni. Hodi."

Hodi ilikwenda ndani ikazunguka, na hakuna aliyeijibu kwa sababu ndani hakukuwa na mtu.

Muzehe akanitazama. Niliuma midomo yangu. Ningeweza kuchupa ndani nikajibu mimi, na nafikiri yeye alitaka hivyo, maana alininyooshea kidevu. Nikashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Hodi," yule dada akasema tena. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na ya mtu asiye na wasiwasi kwamba atajibiwa. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni mwenye malezi hugeuka akaenda zake, hata kama ametoka Tabora.

Nilimwona Muzehe akigeuza hilo jambo kichwani. Mgeni yuko mlangoni, na hodi ya mtu haiachwi ikining'inia. Lakini karibu hutoka ndani. Aliniwekea ufunguo mkononi mwangu, kitenge na vyote. Akainama, akavua kiatu kimoja, akashika ukuta, akavua cha pili. Mguu wake ulipovuka kizingiti ulitangulia na kidole gumba, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akapita. Akageuka ndani ya giza la chumba cha mbele, akaweka sawa vifungo vya koti.

"Hodi hapa," dada akasema mara ya tatu.

"Karibu," Muzehe akasema. Akakohoa, akaisema tena kwa nguvu kama mtu mwenye nyumba na wali uko jikoni. "Karibu, mjukuu wangu. Karibu ndani."

Akaingia. Wakapotea wote wawili kuelekea uani.

Mimi nikabaki. Mtu lazima akae na mlango, na ufunguo ulikuwa kwangu. Nikakaa kwenye kigoda, mara yangu ya kwanza, na kweli ni kigoda kibaya, kinauma. Fundi cherehani aliniuliza kutoka ng'ambo Muzehe yuko wapi leo. Nikamwambia yuko ndani. Akaacha kukanyaga cherehani.

Ndipo nikasikia. Krr. Kikakwama. Nikasikia sauti mbili zikisaidiana, moja ya kike, nyingine nzee, vuta babu, navuta. Krr, krr. Halafu kimya. Kirefu. Halafu ukaja mlio mmoja mwembamba wa chuma, uleule, sawasawa kabisa na alivyouiga kwa mdomo miaka yote.

Walikaa huko muda. Dada alitoka wa kwanza na kutu mikononi, akaenda kando kuongea na simu, macho mekundu. Nyumba iliuzwa vilevile, sitaki mdhani hadithi iligeuka. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile Muzehe alitoka polepole, miguu mitupu, vumbi la uani limemfika kwenye vifundo vya miguu. Nikampisha kwenye kigoda. Akakaa, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu bila kuvitazama.

Nikamuuliza mimi safari hii. "Huko ndani kukoje leo?"

Alifikiri. Alinitazama kwa upole, kama mtu ambaye hataki kukuvunja moyo.

"Ni padogo," akasema. "Wewe ulikuwa unanipa pakubwa."

Kisha akavaa kiatu cha kwanza, akavaa cha pili, akaniambia lile benchi nilirudishe kushoto.